Leso ya harusi: wanawake wa Uskoti waandikwe neno gani? Lassie, hen, quine au Scotch?

Fundi_Kibokoni
Asalaam aleikum wapendwa, na masalkheri kwa wote. Naomba mnisaidie, na mnisaidie haraka maanake kazi iko mezani na siku hazinisubiri. Mimi ni fundi wa nguo na huchukua oda za leso za harusi hapa Mji wa Kale, Mombasa, mteja akishakubali mchoro ndo napeleka kwa mchapaji, na ikishachapwa haina kurudi nyuma, kosa likiingia kwenye jina, yaani maneno ya leso, basi doti zote hizo ni hasara yangu mimi.

Sasa kuna mama mmoja mwanawe aoa mwezi ujao, na bibi harusi ni mtoto wa Kiskoti wa Aberdeen, walijuana huko huko kijana alipokwenda kusoma. Upande wa bibi harusi waja wanawake 14, mamake, mashangazi, nyanya yake mwenye miaka 80 na kitu, na wasichana wa rika lake. Mama harusi ataka siku ya hina wote wajifunge leso sare na sisi. Pindo tushakubaliana, mji wa katikati pia, mchoro wa korosho kubwa kubwa kwenye pembe, zambarau na nyeupe. Kilichobaki ni jina na hapo ndo pametushinda. Yeye mwenyewe mama ataka KARIBUNI SCOTCH LADIES. Binamu yake bwana harusi asema la, mwanamke wa Uskoti huitwa lassie, andika LASSIES. Bwana harusi naye kanipigia simu asema kule Aberdeen neno ni quine. Halafu kuna khalati yake aliwahi kukaa Glasgow, yeye asema kule wanawake huitwa hen. Mimi hen najua ni kuku! Wallahi siwezi kumuandika mgeni kuku kwenye nguo akajifunga kiunoni mbele ya watu.

Lipi neno lao la heshima na lipi ni tusi? Mwenye kujua anambie.

Kijana_Tudor
Dada, lassie usiandike kabisa. Lassie ni mbwa. Kila mtu hapa aliyekua na televisheni amjua yule mbwa wa manyoya marefu, tangu ile filamu ya 1943, na mtaani kwetu kulikuwa na mbwa wawili wenye jina hilo. Na ukilisoma kwa sauti watu wa hapa watasikia lasi, ile ya maziwa ya mgando tunayokunywa kwa Wahindi. Mgeni avae leso iliyoandikwa mbwa au kinywaji, hapana.

Nesi_Mvita
Kijana wa Tudor pole pole, mbwa alipewa jina la watu, si watu waliopewa jina la mbwa. Yule mbwa ni aina ya collie, mbwa wa kuchungia kondoo wa Uskoti, ndo akapewa jina la Kiskoti. Lassie maana yake ni msichana, basi.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo na nafanya unesi Glasgow, kwa hivo hili nalijibu kwa nilivosikia kwa masikio yangu. Mzizi ni lass, na ni neno kongwe, lina miaka kama 700 kwenye maandishi. Wala si la Waskoti peke yao, ukienda Yorkshire na Newcastle kule kaskazini mwa Uingereza utalisikia kila siku. Waskoti wakaongeza ule mkia wa "-ie" mwishoni, lass ikawa lassie, kama wanavofanya kwa lad ikawa laddie, na mkia huo kazi yake ni kama "ki" yetu. Mwana akawa kimwana. Na kama "ki" yetu inavogeuka, ukimpenda mtu ni kimwana, ukimdharau ni kijitu, basi na lassie nayo yageuka hivo hivo kutegemea mdomo unaoitamka. Babu akimuita mjukuu wake "wee lassie", yaani kasichana, ni mapenzi matupu. Bosi akimuita daktari wa kike mwenye miaka 45 lassie kwenye mkutano, amemshusha na kila mtu pale chumbani amesikia kwamba amemshusha.

Sasa hen. Dada yangu, hili neno mimi lilinitoa machozi. Shifti yangu ya pili wodini, mzee mmoja mgonjwa nilimbadilisha shuka akanambia "thanks, hen". Nikanyamaza. Nikaenda kwa wa kitanda cha pili, mama mtu mzima, naye akanambia "hen, pass me that water". Nikaenda msalani nikalia, nikasema nimeacha mamangu Mombasa kuja kuitwa kuku na watu ninaowaosha. Bosi wangu wa shifti, mwanamke wa hapo hapo, akanifuata, nikamueleza, akashtuka mpaka akakaa kitako. Akanambia hen ni neno ambalo mamake alimuita nalo maisha yake yote. Dereva wa basi atakuita hen, muuza mboga atakuita hen, wanawake wenyewe waitana hen. Ni "mamangu", ni "mpenzi" ile ya sokoni isokuwa na mapenzi ya kutongozana, ile muuza samaki akwambia "haya mpenzi nikuwekee ngapi". Wakikuita hivo ndo wamekuingiza ndani. Siku hizi nikipita siku mbili bila kuitwa hen naona kama nimekosea mtu.

Lakini haliandikwi kwenye leso, na sababu si kuku. Ni neno la kuitia mtu aliye mbele yako, halielezi mtu ni nani. Huwezi kusema "nimeona mahen wawili sokoni". Na pia ni la Glasgow na pande zile za kati, mtu wa Aberdeen ukimuandikia hen ni kama kumuandikia mtu wa Lamu leso ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ataielewa lakini atajua hukumuuliza.

Shangazi_Likoni
Nesi umenikumbusha mbali. Na sisi mbona tuna njiwa, tausi, hua, nyimbo zote za taarab mwanamke ni ndege. Kipusa je? Kipusa ni pembe ya kifaru, na mtoto mzuri akipita tukasema kipusa hicho hakuna aliyekasirika. Kuku tu ndo hatumtaki kwa sababu kuku kwetu ni mtu asiye na akili. Kila watu wana ndege wao.

Mzee_wa_Rigi
Salaam dada fundi. Nimefanya kazi ya upishi kwenye mitambo ya mafuta bahari ya kaskazini miaka mingi, na kituo chetu cha nchi kavu ni Aberdeen, mji ulionawiri kwa mafuta tangu miaka ya 1970. Bwana harusi amekwambia kweli, neno la huko ni quine, latamkwa kwain.

Watu wa Aberdeen na mashamba yanayouzunguka wana lahaja yao waiita Doric, na usidhani ni Kiingereza kibovu, ni tawi la Kiskoti, lugha ambayo kwenye sensa ya 2011 watu kama milioni 1.5 walisema waizungumza. Pale ambapo Kiingereza kina sauti ya "wh", wao watia "f". Kwa hivo badala ya kukuuliza hali watakwambia "fit like?" na wewe wajibu "nae bad". Mvulana ni loon, msichana ni quine. "Fit like, quine?" ni sawa na "vipi binti, hujambo?" na ukimwambia hivo mwanamke wa Aberdeen kwenye uwanja wa ndege wa Moi pale Port Reitz atakukumbatia, nawaambia kweli.

Asili yake nayo ni nzuri. Zamani sana kwenye Kiingereza kikongwe kulikuwa na maneno mawili ndugu, moja likawa queen, malkia, na la pili maana yake mwanamke tu. Huko kusini kwa Waingereza hilo la pili likaharibika, likaja kumaanisha mwanamke asiye na heshima, mwisho likafa. Kaskazini mashariki mwa Uskoti halikuharibika, limebaki safi mpaka leo. Mimi ndo maana nalipenda. Fikiria ndugu wawili, mmoja akakaa ikulu, mwengine akabaki na wavuvi na wakulima, na huyu wa pili ndo aliyehifadhiwa vizuri na watu wake.

Kuna na wifie, hilo litakuchanganya kwa sababu ukiliandika laonekana kama wifi yetu, lakini latamkwa waifi. Wifie ni mwanamke mtu mzima, mama fulani. "The wifie at the shop", yule mama wa dukani. Halina maana ya mke wa mtu, hapo zamani neno wife lilikuwa mwanamke yeyote, kama sisi tunavosema mke na wake hata kwa wasioolewa, "waume kwa wake". Lakini usimuandikie mgeni wifie. Anayeitwa hivo husikia umri wake.

Fundi_Kibokoni
Mzee Mungu akubariki. Sasa nina swali, huyo nyanya wa miaka 80 quine yamfaa? Au ni la wasichana tu kama kigori na mwari? Maanake leso ni moja kwa wote 14, siwezi kumpa bi mkubwa leso ya wanawali.

Mzee_wa_Rigi
Msichana ndo maana ya kwanza. Lakini wanawake wenyewe kwa wenyewe huitana quine hata nywele zikiwa nyeupe zote. Pale kantini kulikuwa na mama wawili wapishi wenzangu, wote wana wajukuu, asubuhi mmoja akiingia mwenziwe amwambia "aye aye, quine". Ni kama nyinyi mnavoitana "wasichana" mkiwa kwenye kupamba na wote mshakuwa nyanya.

Na hiyo lassie pia nisiiachie Nesi peke yake, kuna lassie nyengine kubwa kuliko hizo alizosema. Kabla ya vita vya 1914, na hata baada, uvuvi mkubwa wa pwani ile ulikuwa ni herring, samaki jamaa ya dagaa lakini mkubwa. Wanaume waenda baharini, na wanawake ndo wapasua, watoa matumbo, watia chumvi na kupanga kwenye mapipa ya kupelekwa Ujerumani na Urusi. Waliitwa herring lassies. Walifanya kazi watatu watatu, wawili wapasua, mmoja apanga. Vidole wamevifunga vitambaa mpaka juu, maanake kisu kikikukata na mkono uko kwenye chumvi siku nzima, kidonda hakiponi. Na samaki wakihama nao wahama, waanza Lerwick visiwa vya Shetland, wateremka mji kwa mji na pwani ya mashariki mpaka Great Yarmouth kule chini kwa Waingereza, kila mmoja na sanduku lake, na wakipumzika au wakitembea mikono yafuma sufu. Kulikuwa na wasichana wa miaka 15 na mama wa miaka 60 na wote ni lassies. Hapo neno halina udogo ndani yake. Ni jina la kazi, kama mama karanga hapa kwetu, wale wakaanga samaki na kuuza, hakuna anayeuliza mama karanga amezaa au hajazaa.

Nyanya wa bibi harusi akiwa mtu wa vijiji vya pwani kama Peterhead au Fraserburgh huenda mamake mzazi alikuwa mmoja wao. Muulizeni akija, mtapata hadithi.

Dada_Kisauni
Jamani hao herring lassies wamenigusa. Mamangu ni mama karanga, alitulea kwa karai la mafuta. Vidole vyake navijua.

Maalim_Makupa
Sabalkheri. Nimesoma yote na ni mazuri, lakini nashangaa hakuna aliyelisimamia lile la mama mwenye harusi, ambalo ndilo la hatari kuliko yote. Dada fundi, hilo SCOTCH litoe leo. Zamani, karne ya 18 na ya 19, watu waliandika Scotch kwa kila kitu, watu, lugha, dini, na Waskoti wenyewe walilitumia. Baadaye wakalikataa. Leo mtu ni Scottish au Scot, sheria na lugha ni Scots, mwanamke kwenye kamusi ni Scotswoman, wakiwa wengi ni Scotswomen. Scotch limebakia kwa vitu, na kubwa lao ni wiski. Sasa wewe ni fundi wa Kibokoni, harusi ni ya Kiislamu, siku ya hina wamejaa mabibi wa watu na kwenye leso zao wote imeandikwa Scotch! Wageni wataona wameitwa kwa jina la pombe, na wenyeji watasoma pombe. Mama hakukusudia, alilikuta neno likitembea, lakini leso yakaa miaka 30 sandukuni.

La pili, mkizungumza nao msiwaite Waingereza. Kosa si letu kabisa, sisi neno Uingereza tulilipata kwa Wareno waliosema inglês, likaja likafunika ufalme mzima pamoja na Waskoti na Wawelsh. Lakini Uskoti ilikuwa na mfalme wake na bunge lake, taji zikaungana 1603, bunge likaungana na la Uingereza 1707, na mwaka 2014 wakapiga kura ya kujitenga, asilimia 55 wakasema tubaki na 45 wakasema tutoke. Katika wanawake hao 14 mtakuwa na wa pande zote mbili, na wote hawatapenda kuitwa Waingereza. Semeni Waskoti. Hata hapa mjini Mskoti si mgeni, Marikiti pale Digo Road jina lake la kiserikali lilikuwa Mackinnon Market, na huyo Mackinnon wa kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA) alizaliwa Campbeltown, Uskoti, 1823. Tumenunua nyanya na ndimu kwenye jina la Mskoti miaka yote na tukamuita Mwingereza.

Kijana_Tudor
Maalim shukran, la Mackinnon silijui kumbe. Basi mimi nimetoa shauri langu la mbwa. Lakini kwa nini msiandike kwa lugha yao ya asili, si wana Kigaeli? Hiyo ndo ya asili zaidi kuliko Kiingereza chochote.

Maalim_Makupa
Kigaeli ni lugha tukufu ila si ya Aberdeen ya leo. Sensa ya 2011 wazungumzaji walikuwa kama 57,000 nchi nzima, na ngome yao ni visiwa vya magharibi, Lewis na vyenzake. Mwanamke wa Kiskoti kwa Kigaeli ni ban-Albannach, na nyanya wa Aberdeen uwezekano mkubwa hatolitambua kwenye nguo. Itakuwa ni kama kumpokea mtu wa Vanga kwa Kisomali kwa sababu wote ni watu wa pwani.

Lakini kuna jambo la Kigaeli ambalo mama harusi atalipenda sana, na nimelisomesha darasani mara nyingi. Majina ya Mac mwayajua, MacDonald, Mackinnon, hiyo mac maana yake mwana wa kiume, ni "bin" hasa. Kwa Kigaeli mwanamke haitwi Mac, yeye huitwa Nic, limefupishwa kutoka maneno ya binti wa mwana wa fulani. Ndugu wawili tumbo moja, wa kiume ni MacDhòmhnaill na wa kike ni NicDhòmhnaill. Bin na binti, kama sisi! Na hata kwa Waskoti wa kawaida wasiojua Kigaeli, mwanamke akiolewa sheria ya kwao haikulifuta jina la babake, kwenye nyaraka za mahakama aliandikwa kwa majina yote mawili, na ukienda makaburini kwao utakuta mawe ya miaka 200 mke amezikwa na mumewe na jina la babake limechongwa wazi. Hapa kwetu Fatma binti Ali akiolewa na Salim abaki binti Ali mpaka kaburini. Wageni wenu katika hili wako karibu na Mvita kuliko walivo karibu na London.

Nesi_Mvita
Maalim hilo la makaburi nimeliona kwa macho na sikujua sababu. Ahsante.

Msusi_wa_Paje_ila_Mombasa
Mimi nauliza tu, mbona hamjasema wale wa Dundee? Nimewahi kukaa na familia ya huko. Mji ule ulikuwa wa viwanda vya juti, magunia haya haya, katani yenyewe yatoka Bengal na yafumwa Dundee, na wafanyakazi wengi walikuwa wanawake kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wanaume. Wanaume wengi wakakosa kazi wakabaki nyumbani, na mji mzima ukawaita kettle bilers, wachemsha birika. Mama wa nyumba ile aliponihadithia alikuwa na fahari, akasema mwanamke wa Dundee hakuitwa lassie na mtu aliyeogopa kujibiwa. Walipiga kelele mpaka wakizungumza mitaani kwa sababu mashine ziliwaziba masikio.

Maalim_Makupa
Sahihisho dogo kwa dada, juti si katani, ni nyuzi za mmea mwengine. Yaliyobaki ni kweli tupu.

Shangazi_Likoni
Nimewasikiliza wasomi wote na sasa niruhusuni na mimi maanake nimeolewesha watoto saba na leso nimechapisha kila mara. Mwanangu fundi, wewe watafuta neno lao, na kila neno ulilopewa hapa lina mwenyewe. Hen la Glasgow. Lassie zuri kwa babu, baya kwa bosi. Quine la Aberdeen. Sasa sisi ambao hatukuzaliwa Aberdeen tukiwaita quine, twawaita kama nani? Leso ni mdomo wa mwenyeji. Jina la leso ni mimi nakwambia wewe. Kwa hivo kwanza waite unavowaita wewe, na wewe wawaitaje? Hawa si watalii. Kijana wenu amewaolea mtoto wao. Hao ni wakwe. Huyo mama wa Aberdeen na mama harusi wako ni mtu na mkwe mwenzake tangu siku ya nikaha mpaka siku ya kufa, na hao wasichana ni mawifi. Andika wakwe, waeleze maana yake, watabeba neno nyumbani.

Na hilo lao la quine, ukitaka kulitia, usijichukulie. Ombeni ruhusa. Muulizeni mamake bibi harusi. Mtu akikupa neno lake ni kama amekupa ufunguo, lakini lazima akupe yeye.

Mzee_wa_Rigi
Bi mkubwa umesema. Mimi wale mama wa kantini walianza kuniita "ma loon" mwaka wa tatu, na hapo ndo mimi nikaanza kuwaita quine. Kabla ya hapo sikuthubutu.

Dada_Kisauni
Na zile korosho dada usizitoe!! Hakuna aliyesema hapa na mimi ndo nashona mikoba ya leso nauza kwa wageni Nyali, kila mgeni akiona korosho asema "paisley". Nilidhani ni jina la mtindo tu mpaka nikaja kujua Paisley ni mji, uko Uskoti, karibu na Glasgow! Ule mchoro asili yake ni Uajemi na Kashmir, shali za Kashmir zikapendwa sana Ulaya na zikawa ghali, wafumaji wa Paisley karne ya 19 wakaanza kufuma za kuiga, wakafuma nyingi mpaka mchoro ukachukua jina la mji wao. Kwa hivo korosho yetu kwa Kiingereza ina jina la Uskoti. Mumechagua bila kujua.

Nesi_Mvita
Dada Kisauni!! Nakaa dakika 15 kutoka Paisley kwa treni na nina leso ya korosho kabatini na sikuwahi kuviunganisha.

Fundi_Kibokoni
Nimelia kwa furaha kwa hilo la korosho, nimempigia mama harusi usiku usiku akapiga kigelegele peke yake nyumbani.

Sasa niwape majibu maanake mumenisaidia kama ndugu. Scotch limetoka, nilimueleza mama kwa maneno ya Maalim akasema astaghfirullah na hakubisha. Lassies binamu ameliacha mwenyewe. Nikafuata la Shangazi, bwana harusi kamuuliza mkwewe kwa simu, mimi nikiwa pale pale nimesikia kwa spika. Akamwambia mama twataka kuandika neno quine kwenye leso, ni sawa au mwaona ni utovu wa adabu? Kukawa kimya. Halafu yule mama akaita chumba kizima, nikasikia sauti nyingi za wanawake, halafu akarudi na sauti imebadilika, akasema nyanya ataka kujua kama na yeye atapata yake. Bwana harusi akamwambia leso ni moja kwa wote, nyanya pia. Ndipo nyanya mwenyewe akachukua simu akasema maneno sikuyafahamu hata moja, bwana harusi akanitafsiria: amesema mamake alikuwa lassie wa herring, alikwenda Yarmouth misimu mitano, na hakuna aliyewahi kumuandika popote.

Basi mama harusi akasema hilo limekwisha. Tumekaa naye mpaka saa tano tukipima maneno. La wakwe la Shangazi tumelitia kwenye bahasha za mwaliko, kila mmoja ataandikwa MKWE WETU na jina lake na la babake, binti fulani, kama alivosema Maalim. Kwenye leso tumeandika hivi:

QUINE WA ABERDEEN NDIYE MWANA WA MVITA

Nimeisoma kwa sauti mara kumi yakaa vizuri mdomoni. Mzee wa Rigi nambie kama umeona kosa, kesho saa tatu naipeleka.

Mzee_wa_Rigi
Sina la kuongeza. Hiyo ukiitundika Aberdeen dirishani watu watasimama. Niwekee doti moja, nitalipa.

Shangazi_Likoni
Na mimi. Na nyanya akifika mkalisheni kiti cha mbele.

Fundi_Kibokoni
Nimerudi sasa hivi kutoka kwa mchapaji. Ameitazama karatasi, akaniuliza kama hiyo Q ni kosa la kuandika, anipangie K. Nimemwambia aiwache vivo hivo.